Moto Ndani ya Mdomo

Kwa maneno ya Seline, jirani wa mlango wa pili pale Migosi, shangazi yake wa Katito alivuta sigara tangu usichana wake, moto ukiwa ndani ya mdomo, na hakuna kilichompata mpaka siku alipopigwa teke na ng'ombe.

"Juzi ulisema alipigwa na radi," Naswa alimwambia.

"Radi, ng'ombe, yote ni kifo. Umesikia nikitaja sigara?"

Dorca, mama mkwe wa Naswa, alicheka kwa mabega tu, akikwangua samaki. Angechekaje vingine? Sigara ilikuwa imegeuzwa mdomoni mwake, kama alivyofundishwa na wanawake wauza samaki huko Bondo: mikono yote inabaki ya kisu, upepo hauizimi, jivu haliangukii samaki wa watu. Jivu linaenda wapi basi? Naswa alikuwa amechoka kuuliza.

Lakini macho hayakuchoka. Kwanza mama aliacha pilipili. Kisha chai, mpaka ipoe kabisa. Sasa hata ugali aliuloweka kwenye mchuzi kama wa kulisha mtoto. Na muuguzi wa kliniki aliwaambia wanawake waziwazi kwamba moto ule unachoma kaakaa, na kidonda kisichopona kinaweza kuwa saratani, kiangaliwe mapema. Naswa akampelekea mumewe, Oduor, maneno hayo.

"Mimi nimwambie mamangu afungue mdomo?" Oduor alishangaa. "Mwambie wewe, wewe ni mwanamke."

Na mkamwana naye atachunguliaje mdomo wa mama mkwe? Haya, kila mtu na heshima yake, kidonda nacho kinakula.

"Huyo shangazi," Naswa sasa akamuuliza Seline, "alikuwa anakula nini?"

"Uji," Seline akajibu mbio. "Mwaka wa mwisho ni uji tu. Hata ndizi mbivu ilimshinda, alisema huku juu mdomoni kuna..."

Kisu cha Dorca kikasimama juu ya samaki. Akaitoa sigara.

"Nyar Bungoma," alisema kwa shida, yaani binti wa Bungoma, akimwita kwa jina la kwao kama alivyomwita tangu aolewe, "hizo sufuria hazijioshi."

Naswa aliziacha sufuria. Akawasha tochi ya simu, akamtia Seline simu mkononi, mwenyewe akageukia ukuta.

"Mama, mimi siangalii. Mfungulie Seline tu. Tafadhali."

Nyuma yake mafuta yalichemka. Kisha, kabla Seline hajasogea, akasikia kisu kikianza tena kukwangua magamba.