Bei Mbili za Mama Ubao

"Siku dola ikishushwa kwenye kiti chake, Mama Ubao, hapo juu utaandika nini?"

Swali hilo fundi seremala alimuuliza zamani, kwa utani wa majirani. Mama Ubao, mjane mwenye kibanda cha kubadilisha fedha na ubao wa bei, ukuta kwa ukuta na karakana ya fundi huyo, hakuinua hata kichwa. Alijibu kwamba yeye hajafunga ndoa na noti yoyote. Itakayokuja ataiandika, itakayokwenda ataifuta, wa kudumu ni Mungu peke yake. Na kweli, fundi alikuwa ameziona fedha za mataifa makubwa zikifutwa pale kwa kitambaa kilekile cha kufutia meza. Ile ya Wachina, aliyoicheka mara ya kwanza, sasa ilikaa mstari wa pili.

Safari hii hakuja na utani. Alikuwa ameuza mashine yake ya kupasulia mbao ili mkewe akafanyiwe upasuaji wa macho nje, na hospitali ilitaka dola mwezi ujao. Alifuatana na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye njia nzima kutoka nyumbani alimwimbia sarafu mpya ya kwenye simu: haina benki, haina serikali, na mwezi hauishi haijazaa mara mbili. Shemeji hakuwa tapeli. Zake zote alishazitia humo. Fundi alikuwa ameanza kulainika.

Alitegemea Mama Ubao aiponde, maana ugali wake ni dola. Hakuiponda. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hata noti zilianza kwa kuchekwa. Kisha akafuta mstari wa chini kabisa, akampa shemeji chaki.

"Baba, mimi sina ugomvi na mgeni, mwandike naye. Ila hapa kila fedha ina bei mbili, ya kuuza na ya kununua."

Shemeji akaandika ya kuuza, mwandiko wa kujiamini.

"Haya. Na dada yako akitaka dola zake kesho asubuhi, sarafu hizo wewe utazinunua kwa ngapi?"

Shemeji akatoa simu, akaibonyeza, akaitazama. Chaki ilifika ubaoni, ikaganda.

Miaka kumi na miwili fundi alikuwa akipita mbele ya ubao ule akidhani ni tarakimu tu. Leo aliona kwamba mama huyu hakuwahi kuandika bei asiyokuwa tayari kuilipa. Akaisukuma bahasha yake chini ya kioo, akaomba dola.

Shemeji aliilaza chaki taratibu ukingoni mwa dirisha, akapangusa vidole, akatoka.