Seng'enge ya Nabwile

Nuru ya asubuhi huteremka kinamasini kwa uvivu, hapa nje kidogo ya Kitale. Hulala kwanza juu ya ukungu, kisha juu ya matete, na ikifika chini topeni imeishiwa nguvu, kama mama aliyegawa chakula chote njiani akafika nyumbani na sufuria tupu.

Katika nuru hiyo amepiga magoti Nabwile, binti wa Matulo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kibabii. Maji yameingia ndani ya gambuti. Anatafuta nyasi. Amechoka Nabwile, amechoka.

Ni nyasi fupi, nyembamba, yenye suke la zambarau. Alipoiona mara ya kwanza alilivuta jani polepole, akatazama kwa lenzi ule ulimi mdogo uliopo pale jani linapokumbatia shina, kwa maana nyasi huficha jina lake hapo. Ulimi ulikuwa na nywele, laini kama kope za mtoto. Akawatumia picha wataalamu wa Nairobi, wakajibu: ndiyo yenyewe, tuliyodhani imetoweka. Ilinde. Hatujui kwingine inakoota.

Akailinda. Aliomba, akabembeleza, hadi Mzee Kibiwott, mwenye shamba, akawaondoa ng'ombe wake kinamasini. Wakazungusha seng'enge. Nabwile akarudi kwao Bungoma akiimba.

"Yaani umesoma hiyo miaka yote," mamake alicheka akichambua mboga, "ati ukuwe askari ya nyasi?"

"Ndiyo, mama. Askari kabisa."

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Leo ndani ya seng'enge matete yamesimama marefu, mazito, yamezifunga mbingu. Chini yake ni giza na ubaridi. Nyasi imekuwa njano, imekuwa uzi. Ewe nyasi, nani anakuua? Jembe halikukugusa. Moto haukukugusa. Hata ulimi wa ng'ombe haukukugusa.

Anatoka nje, macho yanamuuma. Amechoka Nabwile, amechoka. Na pale nje, ng'ombe wanaposhuka kunywa, matete yameliwa, yamekanyagwa, yamelala. Kando ya alama za kwato zimesimama nyasi chache, fupi, kijani, zenye masuke ya zambarau yanayotikisika juani.

Akapiga magoti, akalivuta jani: ulimi una nywele. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiifungulia jua. Kumbe giza lile amelipanda yeye, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake.

"Mzee, naomba uwarudishe ng'ombe."

Mzee Kibiwott akaishusha ndoo ya maziwa. "Bana! Si ni wewe ulifukuza hizi ng'ombe, ati ni adui?"

"Ni mimi, Mzee. Nilikosea."

"Na zikikula hiyo nyasi yako?"

"Huenda zikala kidogo. Bila hizo, itakufa yote."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Haya, daktari wa nyasi. Lakini hiyo seng'enge utafungua mwenyewe. Mimi mgongo imekataa."

Akaifungua, nguzo kwa nguzo, viganja vikichanika. Ng'ombe wakasita mpakani, wamezoea kufukuzwa. Ikabidi atangulie yeye, akiwaita, naye hajui kuwaita. Wakamfuata. Matete yakavunjika, yakalala, mbingu zikafunguka kipande kwa kipande.

Nuru ikashuka. Ikapita ukungu, ikapita migongo ya ng'ombe, ikafika chini topeni ikiwa bado na nguvu, juu ya uzi mmoja wa njano wenye kijani kidogo shinani.

Nabwile akasogea kando, kivuli chake kisije kikauangukia.