Nne Nukta Moja

Jumanne karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa bado na joto, na Cheruto hakuhitaji kumaliza hata ukurasa wa kwanza. Nne nukta moja. Nne nukta moja. Kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi maziwa ya Kabazi yalikuwa digrii nne nukta moja, bila kupanda wala kushuka hata chembe. Maziwa gani hayo? Hata chai kwenye chupa haikai hivyo.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua vizuri. Ndani ya tangi la chama cha wafugaji wa Kabazi kulikuwa na kipima joto chenye redio ndogo. Pembeni, kwenye kiofisi cha chama, kulikuwa na redio ya pili iliyofungwa kwenye kompyuta kwa waya wa siriali, ule wa kupitisha herufi moja moja. Kompyuta haizaliwi ikijua kuzungumza na redio. Lazima mtu aiandikie draiva, programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, mahali ambapo wengi hawathubutu kugusa. Cheruto alithubutu, na akajivuna kwelikweli. Watengenezaji wa tovuti wamejaa Nakuru. Wa kerneli alijihesabu peke yake.

Tatizo ni kwamba ule waya ulikuwa ukipoteza herufi. Ujumbe ukifika umekatika, draiva ilipaswa kusema ukweli, kwamba haijasikia kitu, na skrini ingeonyesha vistari vitupu. Siku mbili kabla ya uzinduzi wa mashine vile vistari vilizidi. Nilesh, mwenye kampuni iliyomwajiri, akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Cheruto, Alhamisi sitaki kuona hizo dash. Wageni watakuwa hapo."

Badala ya kutafuta herufi zilikokuwa zikipotelea, Cheruto aliongeza mistari mitatu tu kwenye draiva: redio ikinyamaza, rudia kipimo cha mwisho. Juu yake akaandika kwamba ni ya muda. Hiyo ilikuwa Februari, na sasa ni Juni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye huo ufa alikuwa ameupaka rangi.

Basi Jumamosi jioni betri ya redio ya tangini ilikufa. Jumapili mtambo wa kupozea ukagoma. Skrini, kwa utiifu wake, ikaendelea kusema nne nukta moja. Jumatatu lori lilipokuja kuchukua maziwa, mpimaji aliyachanganya na spiriti kama kawaida, yakaganda pale pale, ishara kwamba yameharibika. Tangi zima likamwagwa.

Kwa kuwa mashine ilisema maziwa yalikuwa baridi, wanachama walibaki na jibu moja tu: tangi halikuoshwa. Na mwosha tangi alikuwa Mama Kibii, aliyeishika kazi hiyo miaka kumi na moja. Mwanamke kuitwa mchafu mbele ya watu anaosali nao, heri aitwe mwizi. Jumatano kungekuwa na mkutano wa kumwondoa, na Cheruto alitakiwa aende akasome karatasi ya mashine iwe ushahidi.

Jumanne hiyo, saa sita mchana, alimpelekea Nilesh ile karatasi. "Boss, hii data si ya kweli. Ni mimi niliharibu."

Nilesh alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vyama vingine vitatu vinavyongoja mashine. "Kesho soma tu vile iko. Hiyo shida tutatoa na update, pole pole. Huyo mama watampatia kazi ingine."

"Sawa, boss," Cheruto alisema, kisha akaenda kula chakula cha mchana. Akala akamaliza.

Mkutano ulianza saa nne asubuhi, kwenye viti vya plastiki nje ya jengo la tangi. Mzee Kimaiyo, mwenyekiti, aliufungua kwa maombi, akamsihi Mungu afichue kilichofichika. Cheruto alifumba macho kwa nguvu kuliko wote.

"Injinia wetu, tusomee," Mzee Kimaiyo akasema.

Akasoma. Sauti haikutetemeka, na akajichukia kwa hilo. Mama Kibii alikuwa mbele kabisa, gambuti zake nyeupe za mpira zimesuguliwa zikang'aa, mikono mapajani. Siku ya uzinduzi ndiye aliyemmiminia Cheruto mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyu chake mwenyewe, akatangaza mbele ya wageni kwamba huyu ni msichana wao. Sasa aliomba kusema, akasimama.

"Jumapili nilipima na themomita yangu ya mkono. Ikasema kumi na nne. Nikaenda kwa screen, inasema nne. Nikarudia tena, kumi na nne. Nikajiambia hii yangu imezeeka, nikaitupa kwa choo. Mashine imetengenezwa na watu wamesoma. Kama imesema nne, ilikuwa nne." Akatazama mlango wa jengo la tangi. "Mimi najua niliosha hiyo tangi. Lakini labda sikuosha vizuri. Mnisamehe."

Aibu ilimpanda Cheruto mpaka masikio yakawaka. Alisimama bila kuitwa.

"Mama Kibii aliosha," alisema. "Themomita yake ilikuwa sawa. Mashine ndiyo ilidanganya, na ni mimi niliifundisha."

Akaeleza yote: vistari, uzinduzi, mistari mitatu. Mzee Kimaiyo akamwambia arudie, kwa sababu hakuamini, naye akarudia. Nilesh, aliyekuja na kuketi kiti cha nyuma kabisa, alikuwa akiangalia viatu vyake. Watu walinung'unika, mmoja akatema mate chini.

Husemwa kwamba ukisema ukweli mzigo hushuka. Cheruto aliungoja ushuke. Mama Kibii alimjia taratibu mpaka wakawa ana kwa ana.

"Kwa hivyo ilikuwa kumi na nne."

"Ndio, mama."

"Na mimi niliosha."

"Uliosha, mama."

Mama Kibii akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akageuka aende, kisha akasimama.

"Ulijua lini?"

Hapo angeweza kudanganya mara moja zaidi. "Jana," alisema. "Saa sita."

"Jana." Mama Kibii alimgeukia tena. "Na leo bado umesoma. Ukaniacha nisimame niombe watu msamaha."

Mama Kibii hakungoja jibu. Alichukua brashi na ndoo yake, akaingia ndani, na wote wakamsikia akilisugua tangi ambalo tangu Jumatatu halikuwa limetiwa hata tone la maziwa.