Vidonge kwenye Kopo la Vifungo

Fundi alishona nguo miaka arobaini, pini mdomoni. Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kupiga chafya akiwa na pini kumi na mbili, zote zikatua zimejipanga kwenye pindo la suruali ya mteja. Asiyeamini akamuulize mwenye suruali.

Basi mdomo huohuo ndio ulioleta balaa. Saratani iliyofika kwenye mifupa ilikuwa imemkalisha nyumbani mwaka na miezi miwili. Asubuhi na jioni alimeza mofini yake ya kawaida, dawa kali ya kutuliza maumivu. Maumivu yakimrukia katikati, mkewe humpa kidonge kidogo cha haraka na kuandika saa kwenye daftari. Kumbe tangu wiki iliyopita Fundi anakibana shavuni, anapiga soga mpaka mkewe ageuke, kisha anakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Aliogopa. Mwaka mzima wa vidonge! Kesho si atakuwa teja, anauza cherehani yake mwenyewe? Tena akiba haiozi.

Siku hiyo sista anayewazungukia wagonjwa majumbani alikuja, akafungua daftari mezani.

"Choo je, mzee?"

"Kama fundi bomba, sista. Kinaahidi, hakitokei."

Sista akacheka, akaandika. Kisha uso ukamkunjamana. "Vidonge vinne vya haraka kwa siku na bado anaumia hivi? Itabidi nimwombe daktari aongeze dozi."

"Sista," mkewe akasema kwa sauti ndogo, "labda nampa vibaya. Namwona anauma shuka, na mimi nimefanya yote uliyonifundisha. Labda mkono wangu una mkosi."

Mkono ule! Mkono unaomwogesha, unaomgeuza kitandani kama yai! Fundi alipata maumivu mapya, yale yasiyo na kidonge. Akajikokota hadi kabatini, akaleta kopo, akalipindua mezani. Katikati ya vifungo vikamwagika vidonge thelathini na kitu.

"Mungu wangu!" mkewe akaruka. "Mwizi wa kujiibia!"

Sista hakucheka. "Mzee, ningeongeza dozi kwa kuamini daftari hili, halafu siku moja ukavimeza kweli, ungelala pumzi ikakusahau."

"Niliogopa uteja. Huu mwaka wa pili, sista."

"Hofu hiyo niambie mimi, usiliambie kopo. Kutumia muda mrefu kuna mambo yake, ndiyo maana nakuuliza choo, usingizi, na kama unakitamani kidonge hata usipoumwa. Unakitamani?"

"Natamani kiuno changu cha zamani tu."

"Basi dozi inabaki ileile. Ila sasa inamezwa." Akavitia vile vya kopo kwenye bahasha, avirudishe hospitali.

Maumivu, kama desturi yao, yakaingia bila hodi. Fundi akameza kidonge, akaachama; mkewe akamkagua kwa tochi ya simu mpaka nyuma ya magego.

Baada ya kama nusu saa mabega yakamshuka. Akaliona gauni la mkewe msumarini, miezi mitatu halina pindo, likimsuta.

"Livae. Nipe na pini."

"Mdomo huo umenyang'anywa leseni," mkewe akasema, akalivaa, akazibana pini mdomoni yeye mwenyewe, akawa anampa mojamoja.

"Umenisamehe, mama?"

Hakuwa na ujuzi wa kusema na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, na pindo lote likaenda upande. Fundi akalifumua, akaanza upya.