Miwani ya Daktari Rashidi

Wasomaji wa Tabora tuliitwa kwenye ukumbi mmoja pale Gongoni tutoe maoni juu ya kitabu cha Daktari Rashidi. Kinaitwa *Gitaa na Reli*, kinahusu Stesheni Jazi, bendi iliyouchezesha mji huu miaka ya sabini. Maoni matamu yangechapwa nyuma ya toleo la pili, na toleo hilo lilikuwa linakwenda mtamboni wiki inayofuata.

Mimi ni fundi redio, nimeishia darasa la nne. Lakini kitabu nilikisoma mara mbili, ya pili na penseli mkononi. Ndiyo maana nilikwenda na Bi Zuwena.

Bi Zuwena anauza vitumbua Mtendeni. Ukurasa wa sitini na mbili kuna picha ya bendi: wanaume sita, majina sita, hata dereva wa gari la vyombo katajwa. Katikati, mbele ya kipaza sauti, yupo binti wa gauni la madoa. Chini yake imeandikwa: "na mwimbaji wa kike asiyejulikana." Binti huyo ndiye Bi Zuwena. Hajulikani na nani? Mtendeni wanamjua mpaka paka.

"Mwanangu Lugembe," aliniambia njiani, "wajukuu zangu wanasema naota. Nataka jina langu likae pale chini kabla sijafa. Sitaki kingine."

Daktari akafungua kikao kwa mbwembwe. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi Mzaramo, leo nimeingia kwa watani zangu Wanyamwezi. Mnipokee hivyo hivyo."

Tukaitikia marahaba, tukacheka. Na mimi nikaliweka neno hilo kibindoni.

Maoni yakaanza. Awadhi, muuza mabati, alikipima kitabu kiganjani. "Kizito," alisema. "Karatasi si ya mchezo." Nakala yake ilikuwa bado ndani ya nailoni. Mwalimu Idrisa akasimama, akakohoa, akasema mwandishi ametumia lugha inayosomeka na wasomaji. Maneno hayo hayo aliyasema mwaka 2011 juu ya kitabu cha ufugaji nyuki, nilikuwepo. Mwingine alifunua ukurasa wa shukrani, akaliona jina la mjomba wake, akakaa ameshiba.

Zamu yangu ikafika.

"Daktari, yule asiyejulikana wa ukurasa wa sitini na mbili ni huyu hapa. Anachotaka ni jina lake tu."

Akatabasamu. "Nashukuru kwa maoni, mzee wangu. Niliwahoji wanabendi wote walio hai."

"Wanawake wangapi?"

"Utafiti una mipaka yake. Tutalizingatia."

Tutalizingatia naijua. Kisima cha mtaani kwetu kinazingatiwa tangu 1996.

Jasho likamtoka Daktari. Akavua miwani, akaiweka mezani, akatafuta leso. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikampa Bi Zuwena.

"Lugembe," Mwalimu Idrisa akanikemea, "huyu ni mgeni rasmi."

"Mwalimu, kaa. Huyu ni mtani wangu. Kasema kwa mdomo wake na ukumbi mzima umesikia."

Mwalimu akakaa. Babu zetu walibeba pembe na marobota kutoka hapa mpaka pwani wakipita kwa kina Daktari, na utani ulizaliwa katika njia ile. Mtani akikuchukulia kitu hajaiba. Unakigomboa kwa anachotaka yeye. Ukikasirika, utachekwa mpaka Kaliua. Daktari alilijua hilo. Akacheka, ingawa macho yake hayakushiriki.

"Haya, mtani. Nijigomboe kwa soda?"

"Kwa kalamu. Hizo nakala arobaini mezani, na kwanza ile unayoipeleka mtamboni. Ukurasa wa sitini na mbili, futa 'asiyejulikana', andika Zuwena binti Mabruki."

"Bila miwani sioni."

"Ulipokuwa nayo uliona?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Daktari akainama, pua karibu iguse karatasi, akaanza kuandika. Watu wakapanga foleni na nakala zao, wote ghafla wana maoni juu ya ukurasa wa sitini na mbili. Awadhi alilazimika kuichana nailoni kwa meno.

Bi Zuwena akaifuta miwani kwa ncha ya kanga, akaivaa, akachukua nakala ya kwanza iliyosahihishwa. Akaweka kidole juu ya jina lake, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akafunua ukurasa uliofuata. Akasoma midomo ikichezacheza. Uso ukabadilika.

Daktari alimaliza, akanyoosha mkono. "Bi mkubwa, nimejigomboa."

"Hapa umeandika ule wimbo wetu wa kubembelezea mtoto kautunga kiongozi wa bendi," Bi Zuwena akasema. "Niliutunga mimi. Nilikuwa nambembeleza mwanangu, ana surua. Yule bwana aliusikia dirishani."

Hilo hata mimi na penseli yangu sikulijua.

Daktari akanigeukia. "Mtani, si ulisema anataka jina tu?"

"Alisema kweli," Bi Zuwena akamjibu, akiisukuma miwani juu ya pua yake. "Lakini hiyo ilikuwa kabla sijapata miwani. Shika kalamu, baba. Ukurasa wa sitini na tatu."