Kifaa Kilichoketi Kwenye Kochi

Baada ya chakula cha mchana, Mama Vitufe alisogeza sahani chafu pembeni, akapangusa meza na kuweka kompyuta pale lilipokuwa bakuli la mchuzi. Kazi yake ilikuwa kuandika viendeshi vya kibodi, yaani maelekezo yanayoiwezesha kompyuta kujua kidole kimegusa nini. Aliviandika kwa ajili ya mfumo wa kompyuta usio na mwenyewe, unaotengenezwa kwa kujitolea na watu wa nchi nyingi. Mama mkwe wake aliwaambia majirani kwamba mkwewe anatengeneza madereva, na jirani mmoja alishamleta shemeji yake aliyefeli mtihani wa leseni.

Safari hii alikuwa na kitufe kimoja cha kuandika ng' kwa mbonyezo mmoja, ili watu waache kuandika “ngombe”. Toleo jipya lingefungwa jioni. Akichelewa, ng'ombe wangesubiri mwaka mzima.

Alipochomeka kibodi ya majaribio, kompyuta iliitambua. Kisha ikatambua ufagio, pasi, kisu cha jikoni na beseni la kufulia. Mama Vitufe aliyasoma majina yakipanda kwenye skrini, akaona yako sawa. Vyote alikuwa amevigusa tangu asubuhi.

“Pale pembeni hujafagia,” alisema mama mkwe, akinyoosha kidole.

Mshale ulikimbilia pembeni mwa skrini. Kompyuta ikaandika: kifaa cha kuelekeza, kiko tayari.

“Asante, mama. Hebu elekeza kushoto kidogo.”

“Kushoto wapi? Kwenye vumbi lile?”

“Hapohapo.”

Kipanya chake kilikuwa kimekufa, kwa hiyo kidole kile kilimfaa sana, tena hakikuchoka.

Baba Watoto aliinuka kitini, akachungulia begani kwake huku akichokonoa meno.

“Hata paka yumo?”

“Paka hujifungulia mlango.”

“Na mimi?”

“Haijakuona.”

“Haijanionaje na mimi ndiye mwenye nyumba?”

“Gusa kitu, itakuona.”

“Kama nini?”

“Kama hizo sahani. Nami nipate nafasi ya kuweka mikono, nimalize.”

Baba Watoto alizitazama sahani kama mtu aliyeletewa kesi ya ardhi. Akakohoa.

“Binti yangu!” aliita. “Njoo umwondolee mama yako vyombo.”

Binti aliacha kitabu chake, akaja, akabeba. Kompyuta ilimtambua kabla hajafika jikoni, ikampanga kati ya beseni na pasi. Mama Vitufe alisita kidogo, vidole vikiwa hewani. Baba Watoto alikuwa ameshahamia kwenye kochi.

Mama Vitufe alituma kazi jua likizama. Mkaguzi wa mfumo, mama mmoja wa nchi ya mbali, aliijaribu na kuipitisha: ng' ilifanya kazi, ufagio pia, na kidole cha mama mkwe alikisifu kwa kulenga. Mama Vitufe akamuuliza afanye nini na kifaa kilichoketi kwenye kochi, hakipokei wala hakitumi.

Jibu lilikuja upesi: “Hata huku tunacho. Kiache tu, hakizuii vingine kufanya kazi.”

Alimsomea mumewe. Baba Watoto alifurahi kusikia kwamba tatizo haliko kwake peke yake, akanyoosha miguu na kuuliza usiku wanakula nini.