Kitanda cha Siku Nne

"Usimpe uji wenye mabonge," Munyiva alisema. "Akikutana na bonge moja tu, anafunga mdomo mpaka saa kumi."

Syombua, mama mkwe wake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, mkono mmoja ukikoroga uji wa wimbi na mwingine ukifukuza moshi. Hakuinua macho.

"Watoto saba wamekulia jiko hili. Hakuna hata mmoja alikufa na bonge."

"Najua, mwaitu," Munyiva alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Haya, endelea. Niko nasikiliza."

Ilikuwa Jumatano ya katikati ya Februari, mwaka wa 2002, siku ya tatu tangu Munyiva afike Wamunyu kwa wakwe zake akiwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Wa mkononi alikuwa Mukai, mwaka mmoja na miezi minane, aliyepewa jina la marehemu mama yake Syombua kwa ombi la Syombua mwenyewe. Wa tumboni alikuwa tayari amepangiwa siku. Kwa kuwa Mukai alitolewa kwa kupasuliwa, baada ya uchungu wa siku mbili, nesi wa kliniki alikuwa ameandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: kulazwa Jumatano jioni, kupasuliwa Alhamisi. Hospitali ilikuwa Machakos mjini. Siku nne, nesi alisema, kama kidonda hakitaleta shida.

Basi kwa siku tatu Munyiva alikuwa akiwafundisha babu na nyanya jinsi ya kukaa na Mukai siku nne. Aliwaambia kwamba mtoto akisema "mpaa" anataka maji, na akivuta sketi ya mtu anataka choo, lakini umkimbize, kwa sababu hangoji. Kwamba mtoto anawapenda kuku lakini anamwogopa jogoo. Kwamba halali mpaka ashike sikio la mtu.

"Sikio gani?" Syombua aliuliza.

"Lolote. Lakini usimvute mkono kabla hajalala kabisa."

"Mimi nalala kabla yake. Atashika mpaka asubuhi."

Walicheka. Kisha Munyiva akatoa kwenye mkoba chupa ndogo ya dawa ya homa na kijiko chake cha plastiki, na kicheko kikamwisha.

"Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, mwaitu. Akishikwa na joto, usimfunike."

"Mtoto mwenye homa hufunikwa ndio atoe jasho."

"Hapana. Mwaka jana jirani alimfunika blanketi mbili. Mimi nilikuwa kazini kiwandani. Waliniita getini, lakini supavaiza wa wakati ule akakataa niondoke kabla laini yetu ya cherehani haijatimiza hesabu ya suruali za siku. Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amekakamaa, macho meupe. Daktari alisema ni degedege ya joto. Akasema inaweza kurudi."

Syombua aliacha kukoroga. Alimtazama Mukai, aliyekuwa mlangoni akipanga punje za mahindi juu ya kizingiti.

"Namvua nguo," alisema polepole. "Nampanguza na maji ya uvuguvugu. Nusu kijiko."

"Nusu kijiko. Isiposhuka?"

"Namkimbiza zahanati. Simngoji mtu."

Tangu aolewe Munyiva alikuwa akimwogopa kidogo mwanamke huyu mwenye maneno makavu. Sasa alimwona akirudia yale maneno kimya kimya, midomo ikicheza kama ya mtoto wa shule anayekariri, akajisemea moyoni kwamba kesho, akiwa amelala chini ya ile taa ya thieta, jambo moja halitamsumbua.

Saa nne Bartholomew, baba mkwe wake, alitoka kwenye kibanda chake cha kuchongea akiwa amebeba kitanda kichwani. Alikuwa mchongaji tangu ujana. Miaka thelathini alikuwa amechonga twiga kwa tezo bila kugusa futi, na twiga kumi na wawili wa oda moja wangeweza kupangwa mstari ukakuta masikio yote yanalingana. Kitanda kilikuwa cha mjakaranda, kimepigwa msasa mpaka kikawa laini kama kikombe, na upande mmoja kilikuwa na kizuizi cha kumkinga mtoto asianguke.

"Mlalishe tuone," alisema.

Munyiva alimlaza Mukai. Miguu ya mtoto ilifika nusu tu.

"Ni kizuri sana, nau," Munyiva alisema. "Lakini ni kirefu. Huyu hata akiwa na miaka mitano atatosha."

"Atakua," mzee alijibu, akageuka kurudi kibandani kwa haraka ambayo hakuwa nayo alipokuja.

"Kwa siku nne?" Munyiva alimwambia Syombua akicheka.

Syombua hakucheka. Alichukua ungo, akaenda uani kupepeta ndengu.

Munyiva alimfuata. Alikaa kwenye kigoda, miguu imevimba ndani ya patipati, wakawa wanachagua mawe kwenye ndengu pamoja. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Syombua alipepeta ungo mzima, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kufariji:

"Hata ni vizuri utapumzika. Zile mashine zilikuwa zinakumaliza."

"Nitazirudia mwezi wa nne, mwaitu. Likizo ni miezi miwili."

Ungo ulisimama hewani.

"Nimetafuta hata msichana wa kukaa na watoto," Munyiva aliendelea. "Dada wa jirani. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

"Kwani Reuben hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

Syombua aliweka ungo chini. Alianza kuokota ndengu zilizomwagika, moja moja, kana kwamba kila moja ilikuwa na thamani yake.

"Mwaitu. Kuniambia nini?"

"Alisema tunyamaze mpaka uzae. Ati utapandwa na presha."

"Nani alisema?"

"Mume wako. Alisema kazi yako iliisha, na chumba cha Athi River anaachana nacho. Mtakaa hapa, wewe na watoto. Yeye atakuwa anakuja mwisho wa mwezi." Alinyanyua uso. "Mimi nilimwambia akuambie. Nilimwambia, huyo ni mke, si mzigo wa kuleta mtu aushushe."

"Alisema lini?"

"Krismasi."

Munyiva alihesabu. Krismasi walikuwa wote hapa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda hikihiki akimenya vitunguu, Reuben na baba yake wakizungumza kule kwenye kibanda. Alikuwa amerudi kazini baada ya hapo, wiki sita, akishona zipu kwenye suruali za jinzi za kwenda Amerika, tumbo amelikaza kwa leso chini ya aproni, na kila asubuhi Reuben, ambaye sasa ndiye supavaiza wa laini yao, alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na ubao wake wa kuandikia.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu umeniacha nikuhesabie siku nne na vidole."

"Nilikuwa nasikiliza, mwanangu. Hiyo ya homa nimeshika."

"Najua umeshika," Munyiva alisema, na hilo ndilo lililomfanya alie.

Reuben alifika saa saba, shati limeloa mgongoni, mkononi mkate na bahasha ya kaki. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja kumsindikiza mkewe hospitali. Mukai alimkimbilia, akambeba, akamrusha juu mara mbili kabla hajaona nyuso za watu.

"Mama, umesema," alisema.

"Nimesema. Nimechoka," Syombua alijibu, akamchukua mtoto na kwenda naye jikoni.

Munyiva alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mkoba wa hospitali umefungwa miguuni pake: pamba, glavu, nguo za mtoto, beseni ya plastiki.

"Uliandika jina langu," alisema. Hakuwa akiuliza. Kwenye laini ya nne, supavaiza ndiye aliyepeleka majina ofisini.

"Keti kwanza."

"Uliliandika la ngapi?"

Reuben alijipangusa uso kwa kiganja. "Meneja alinipa karatasi, akasema laini zote zitoe kumi na wawili. Wenye mimba kwanza. Laini yangu ilikuwa na wanne. Ningeruka wewe niandike wale watatu, si wangesema? Wangesema anaficha bibi yake. Ningeenda mimi na wewe pia ungeenda."

"La ngapi, Reuben?"

"La kwanza."

"Kwa nini la kwanza?"

"Ili waone sipendelei mtu."

Kibandani tezo iliyokuwa ikigonga ilinyamaza.

"Wale watatu waliambiwa?"

"Waliambiwa mwezi wa kumi na mbili. Wakaenda."

"Na mimi?"

"Wewe niliomba uachwe umalize mpaka likizo. Niliomba, Munyiva. Meneja mwenyewe nilimpigia magoti." Sauti yake ilipasuka. "Unafikiri mimi nilikuwa nalala?"

"Ulikuwa unalala. Mimi ndiye nilikuwa macho, mgongo ukiniuma. Nilikuwa nakuona."

Reuben alifungua bahasha, akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa fomu ya bima ya hospitali, ile ambayo Munyiva alikuwa akikatwa mshahara kwa ajili yake kila mwezi kwa miaka mitatu, imepigwa muhuri wa kiwanda. Bila muhuri ule, hospitali ingetaka malipo kabla ya kumlaza, na hakuna mtu katika boma hilo aliyekuwa nayo.

"Nimekuletea," alisema. "Imepigwa muhuri jana. Lakini karani amenipa kwa masharti. Ijumaa nimrudishie hii nyingine ikiwa na saini."

Karatasi ya pili ilikuwa ya Kiingereza, na Munyiva alikuwa amesoma mpaka kidato cha tatu. Ilisema kwamba mfanyakazi aliyetajwa hapo juu anaacha kazi kwa hiari yake mwenyewe na hana dai lolote. Chini ilikuwa na mistari miwili ya nukta, pa kuandikia sababu. Kisha nafasi ya saini, na nafasi ya shahidi.

"Kwa hiari yangu," alisema.

"Ni karatasi tu. Wote wamesaini."

"Na nisiposaini?"

"Usinifanyie hivyo. Niko na watoto wawili."

Reuben alisema niko, si tuko, wala hakusikia alichosema.

"Leta kalamu," Munyiva alisema.

Alichukua fomu ya bima kwanza, akaikunja pamoja na kadi ya kliniki, akaitia ndani kabisa ya mkoba. Kisha akaingia nyumbani na ile karatasi nyingine, akaketi mezani. Reuben alibaki uani akitazama barabara, maana gari la mchana la kwenda Machakos lilikuwa karibu kupita. Munyiva alimsikia akiita, "Baba! Tunahitaji shahidi, njoo uweke saini."

Bartholomew aliingia akipangusa vumbi la mbao mikononi. Munyiva alikuwa bado anaandika. Mistari miwili haikutosha, akaandika na pembeni, herufi ndogo zilizosimama wima. Aliandika kwa Kiswahili: Sikuacha kwa hiari. Nimefukuzwa kwa kuwa nina mimba, pamoja na wengine watatu wa laini ya nne. Jina langu liliandikwa na supavaiza, ambaye ni mume wangu. Aliweka saini, akamsukumia mzee karatasi.

Mzee alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena. Munyiva alingoja aikunje, au aichane, au amwite mwanawe. Alijua karatasi hiyo inaweza kumfukuzisha Reuben pia, na kwamba mshahara wa Reuben ndio ulionunua unga wa nyumba hii. Mzee alijua hivyo kuliko yeye.

"Wale wengine watatu," alisema hatimaye, "majina yao unayakumbuka?"

"Nayakumbuka, nau."

"Yaandike."

Aliyaandika. Bartholomew akachukua kalamu, akaandika jina lake kamili mahali pa shahidi, kwa uangalifu wa mtu anayechonga.

"Nilipaswa kukuambia Krismasi," alisema bila kumtazama, akatoka.

Reuben alipokea karatasi mlangoni. Kiwandani alikuwa amezoea kutazama chini ya karatasi tu, penye saini. Aliona mbili, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa kuilamba.

"Asante," alisema. "Hutajuta."

Syombua aliwasindikiza mpaka kando ya barabara, Mukai amemfunga mgongoni kwa leso ili asione mama yake akiondoka. Lakini mtoto aliona. Alianza kulia, akinyoosha mikono juu ya bega la nyanya yake, na Munyiva hakumgusa, kwa sababu angemgusa asingemwachilia.

"Siku nne, mwaitu," alisema. "Ya tano nakuja kumchukua."

"Umchukue umpeleke wapi?" Syombua aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua.

Munyiva alifikiria chumba cha Athi River, ambacho labda tayari kilikuwa na mtu mwingine na pazia lake mlangoni. Reuben alikuwa ameshika mkoba, bahasha ikichungulia kwenye mfuko wa shati.

"Sijui," alisema. "Lakini safari hii mtajua mimi nikijua, siyo kabla."

Gari lilisimama. Alipanda kwanza, bila kushikwa mkono.